Usiuze baiskeli ya babu kwa mtu wa chuma chakavu, isome kwanza afu uifufue

Juzi pale Igoma, Mwanza, nimepishana na mkokoteni wa vijana wa chuma chakavu, juu kuna mabati yenye kutu, sufuria zilizotoboka, feni mbovu, na katikati imelala fremu nyeusi ya baiskeli, sproketi yake ya mbele imekatwa maumbo ya vichwa vya ndege wenye mdomo mrefu. Nikasimama. Nikamuuliza dogo hii mmeitoa wapi, akasema Kisesa huko, kuna mama kawapa wapime kilo pamoja na masufuria. Kwa kilo! Hiyo baiskeli kuna mtu alilima pamba ndo akaipata, na huyo mama sio kosa lake, inawezekana hakuna aliyewahi kukaa nae akamweleza hicho kitu ni nini. Iliniuma siku nzima ndo maana nimekaa kuandika hii.

Mi ya babu yangu niliifufua mwaka jana. Ilikuwa imelala nyuma ya ghala huko Misungwi miaka na miaka, kuku wanalala kwenye keria, tairi zimekauka mpaka zinapukutika mkononi. Leo inatembea. Nitaelekeza kama nilivyofanya mwenyewe, na humo humo nitaingiza historia ya baiskeli yenyewe, maana kila kifaa unachokiona pale kilikuja kwa sababu kuna mtu alikuwa na shida fulani, ukishaijua ile shida unajua kifaa kinatakiwa kufanya nini, na hapo huwezi kutupa kitu kizima wala kubadilishiwa kitu ambacho hakijafa.

Kitu cha kwanza: usiioshe

Najua mkono unawasha kuchukua brashi ya waya na mafuta ya taa. Subiri. Itoe tu uweke juani, futa vumbi kwa kitambaa kikavu, afu piga picha kila upande. Mafuta ya taa na msasa vinakula zile lebo za rangi kwenye fremu na zikishaenda zimeenda, hutajua tena ni ya kampuni gani wala ilitoka wapi.

Anza kusoma kichwani, pale mbele chini ya usukani, kuna nembo ya bati au alama ya matundu mawili ilipokuwa imepigiliwa. Kwetu Kanda ya Ziwa utakutana sana na Raleigh ya Nottingham Uingereza, hiyo ndo yenye kichwa cha ndege kwenye nembo na mara nyingi mpaka kwenye sproketi, utakutana na Phoenix ya Shanghai, na Hero na Avon ambazo zote zinatoka mji mmoja wa India unaitwa Ludhiana. Wazee wengine watakutajia Swala. Afu tafuta namba iliyogongwa kwenye chuma chini ya siti au chini kabisa kwenye ekseli ya pedeli, iandike.

Hesabu spoku. Hii watu hawaijui na ni rahisi: baiskeli za Kiingereza za zamani gurudumu la mbele lina spoku 32 na la nyuma 40. Ukikuta hivyo ujue ringi hazijabadilishwa kiholela. Sababu yake ni mzigo, nyuma ndo kunakaa mtu, gunia, mkaa, kwaiyo waliongeza nguvu nyuma. Na kama una bahati habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu spoku zinapoanzia, ni ile nene yenye gia tatu ndani, imeandikwa Sturmey Archer, angalia vizuri pembeni ya maandishi ya AW utaona namba mbili ndogo, mfano 58, huo ni mwaka habu ilipotengenezwa, 1958. Ukiifuta kutu polepole kwa kidole na mafuta kidogo unapata mwaka kabisa, na hapo unaanza kupiga hesabu mzee alikuwa na umri gani.

Sasa angalia umbo lenyewe la fremu. Lile umbo la pembetatu mbili zilizoungana ambalo mtoto yoyote wa Mwanza anaweza kulichora chini kwa kijiti, halikuwepo toka mwanzo. Mwaka 1817 Mjerumani mmoja, Karl von Drais, alitoka Mannheim amekalia chuma... hapana, sio chuma, ni mbao tupu, magurudumu mawili ya mbao na usukani, hakuna pedeli hakuna cheni, unasukuma kwa miguu chini kama unakimbia umekaa. Tarehe 12 Juni alienda akarudi, kilomita kama 13 kwa saa moja hivi, ni kama utoke mjini upite Igoma kidogo. Waliowahi kufika Goma wameona chukudu, zile za mbao za kubebea mizigo, basi wazo ni ndugu na lile la Drais.

Pedeli zilikuja miaka ya 1860 huko Paris, zikafungwa kwenye gurudumu la mbele moja kwa moja kama baiskeli ya mtoto ya miguu mitatu. Shida ikawa hivi, ukizungusha mara moja gurudumu nalo linazunguka mara moja tu, kwaiyo kama unataka kwenda mbali kwa mzunguko mmoja inabidi gurudumu liwe kubwa, na wakalikuza kweli, miaka ya 1870 likafika mita moja na nusu, mwendeshaji amekaa juu kama yuko ghorofani na akigonga jiwe anatangulia kichwa. Mwanamke mwenye gauni hapandi, mzee hapandi, mtu wa mzigo ndo kabisa. Ilikuwa mchezo wa vijana wenye hela na mifupa migumu.

Aliyetutoa huko ni John Kemp Starley wa Coventry, 1885, baiskeli yake iliitwa Rover. Aliweka pedeli katikati, cheni ikapeleka nguvu nyuma, magurudumu yakakaribiana ukubwa, na mtu akawa anaweza kuweka mguu chini akisimama. Ndo hiyo hiyo uliyoiegemeza ukutani. Wapoland mpaka leo baiskeli wanaiita rower kwa sababu ya jina la ile Rover. Zaidi ya miaka 130 na umbo ni lile lile, nifikirieni ni vyombo vingapi mnavyotumia leo ambavyo vina umri huo.

Pili: mpeleke mzee kwenye baiskeli, au baiskeli kwa mzee

Hii fanya kabla ya spana. Watu wengi wanafungua kwanza afu wanauliza baadae, kumbe mzee akiiona imekaa vile vile alivyoiacha ndo kumbukumbu zinakuja, ukiigawanya vipande anaona vyuma tu.

Nilifika asubuhi, shikamoo babu, marahaba, mwangaluka za Kisukuma za kutosha, nikaisukuma mpaka chini ya mwembe alipokaa. Sikumuuliza "babu nieleze historia ya baiskeli". Ukiuliza hivyo unapata majibu mafupi ya kishule, niliinunua, ilikuwa nzuri, basi. Uliza vitu. Hii keria mbona imepinda upande mmoja, ulikuwa unabeba nini? Hapa kwenye bomba la juu mbona rangi imeisha, nani alikuwa anakaa? Ulijifunzia ya nani? Ulipoenda mbali kuliko kote ni wapi na ulilala wapi njiani?

Yule mzee aliongea mpaka jua likatuhamisha kivuli mara mbili. Alijifunza akiwa mdogo kwa baiskeli ya baba yake mdogo, mguu mmoja kaupitisha ndani ya fremu chini ya bomba maana siti alikuwa haifikii, vile vile tulivyojifunza sisi. Ya kwake aliinunua kwa hela ya pamba. Hapo ndo ukumbuke mambo ya huku kwetu: reli kutoka Tabora ilifika Mwanza 1928, pamba ikawa na njia ya kwenda pwani na bidhaa za dukani zikawa na njia ya kuja, afu miaka ya 1950 wakulima wenyewe wakajipanga kwenye vyama vya ushirika, akina Paul Bomani, 1955 ikazaliwa Victoria Federation, muungano wa vyama hivyo. Mkulima akawa anapata hela ya msimu kwa mkupuo, na hela ya mkupuo ndo inanunua ng'ombe, bati au baiskeli. Kwaiyo swali zuri la kumuuliza mzee ni hili, msimu ule ulichagua baiskeli ukaacha nini? Babu aliacha ng'ombe wawili, na baba yake alimnunia mwezi mzima.

Muulize pia kuhusu vijiji vya ujamaa vya miaka ya 1970. Watu walihamishwa wakakaa pamoja, ila mashamba wengine yalibaki kule kule mbali, mwenye baiskeli alikuwa anafika shamba na kurudi mchana, asiye nayo analala hukohuko au anaacha palizi. Muulize tairi alizipata wapi mwanzoni mwa miaka ya 1980 dukani hamna kitu. Babu alikuwa anashona tairi kwa uzi wa nailoni, anaweka kipande cha tairi lingine kwa ndani, na nilipoifungua baadae nikaikuta ile kazi ya mkono wake, mishono imekaa sawa kama ya kiatu. Sikuitupa, ipo ndani kwenye boksi.

Na uliza ya ndoa, usione aibu. Babu alimpata bibi Ngudu, kwenye ngoma. Akaniambia kwa miguu asingeenda Ngudu kucheza ngoma tu akarudi kulima. Sasa huko Uingereza nako wanaelezea jambo hilo hilo, kwamba baiskeli zilipoenea vijijini mwisho wa miaka ya 1800 vijana wakaanza kuoa mbali na kwao, kabla ya hapo mtu anaoa mtaa wa pili. Mi nikimwangalia babu na bibi naona wazi kwamba bila hichi chuma nisingekuwepo mimi wala mama yangu.

Rekodi kwenye simu, ila iweke pembeni juu ya kigoda usimsogezee mdomoni, na mwambie kabisa babu nakurekodi.

Tatu: kulegeza vyuma vilivyoshikana

Sasa spana. Siku ya kwanza usifungue kitu, nyunyizia tu. Dizeli au mafuta ya taa yakichanganywa na oili kidogo, pitisha kila nati, bomba la siti linapoingia kwenye fremu, ekseli zote, afu acha usiku mzima, rudia kesho yake. Bomba la siti ndo linashikana kuliko vyote. Usilipige na nyundo, zungusha siti yenyewe kushoto kulia kidogo kidogo ukiwa umeishika fremu na miguu, mi ilinichukua siku tatu.

Ile pini inayobana mkono wa pedeli kwenye ekseli nayo mtihani. Legeza nati yake mpaka iwe sawa na ncha ya pini bila kuitoa, weka kipande cha mbao juu ndo ugonge, ukigonga pini tupu inajikunja na hapo utatafuta fundi wa kuitoboa. Na chini weka gogo la kupokea nguvu, la sivyo unapiga gololi za ndani.

Pedeli ya kushoto inafunguka kinyume. Hili jambo limeharibu pedeli nyingi sana hapa mjini. Ya kulia inafunguka kama nati ya kawaida, ya kushoto unazungusha kuelekea kulia ndo inalegea. Sababu ni kwamba ukikanyaga muda mrefu mzunguko unaelekea kuifungua ya kushoto, kwaiyo meno yake yamekatwa kinyume ijikaze yenyewe. Wilbur na Orville Wright, hao hao wa ndege, walikuwa na duka la baiskeli Dayton huko Ohio Marekani toka 1892, na mwaka 1900 walikuwa wanatangaza pedeli zao za namna hii ambazo hazijifungui. Miaka mitatu baadae wakarusha ndege, hela za majaribio zilitoka kwenye duka lile na sehemu ya ndege yenyewe ilikuwa inaendeshwa na cheni na sproketi. Nikimwona fundi baiskeli amekaa chini ya mti pale Mabatini na mikono imejaa greisi huwa nakumbuka hilo.

Gololi na greisi

Fungua habu zote mbili juu ya kitambaa cheupe au sinia, zisikukimbie. Nyuma kwa kawaida ni gololi 9 za robo inchi kila upande, mbele ndogo zaidi. Zioshe na mafuta ya taa, ziangalie kwenye mwanga, yenye vidoa au iliyopoteza mng'ao badilisha zote za upande ule sio moja moja. Jaza greisi mpya, rudisha, afu kaza koni, ile nati ya ndani inayobana gololi, mpaka gurudumu lizunguke lenyewe bila kutikisika pembeni. Ukikaza sana zinakula njia yake, ukilegeza linacheza. Hapa ndo pa kutumia muda wako, mtu anaweza kuacha rangi ikae hivyo hivyo na baiskeli ikawa nzuri ila habu ikiwa kavu huna baiskeli.

Cheni

Cheni ya kisasa, ile yenye vile virola vidogo, ni kazi ya Hans Renold wa Manchester mwaka 1880, bila yake Starley asingeweza kitu. Kila jicho ni nusu inchi kutoka pini hadi pini. Kwaiyo kuipima ni rahisi, chukua rula, hesabu macho 24, inatakiwa iwe inchi 12 kamili. Ikizidi kwa moja ya nane ya inchi imeshavutika, badilisha, na uangalie na meno ya sproketi na friwili, ile ya meno ya nyuma, maana cheni ndefu inayachonga yanakuwa kama meno ya papa. Kama huna rula ivute kwa kidole pale mbele kabisa ya sproketi, ikiachana mpaka unaona jino zima imekwisha. Iliyo nzima iloweke kwenye mafuta ya taa, isugue, ikauke, weka oili jicho kwa jicho afu ufute ya juu. Tafadhali sio oili chafu ya pikipiki, ile ina vumbi la chuma ndani na kwenye mchanga wetu huu inageuka msasa.

Tairi, na hapa nitakaa kidogo

Saizi ya baiskeli hizi kubwa ni inchi 28 kwa moja na nusu, usiuziwe 26 ukaambiwa itaingia kwa nguvu. Nenda nazo ringi, pale Mlango Mmoja utapata na za mtumba ila tairi nunua mpya, mpira mzee haufufuki. Kabla ya kuvalisha pitisha kidole kwa ndani ya ringi kuangalia ncha za spoku, iliyochomoza ichonge na faili, weka utepe wa mpira juu yake. Tyubu itie upepo kidogo kabla ya kuingiza ili isijikunje, na tairi malizia kwa mikono usitumie bisibisi, pancha nyingi za siku ya kwanza mtu kajitoboa mwenyewe na bisibisi. Valvu za zamani zina kile kimpira chembamba kama mrija, ukiona upepo unaisha usiku na hakuna pancha ni hicho, kibadilishe.

Pancha yenyewe, sugua sehemu na msasa mpaka iwe na ukungu, solusheni ipake nyembamba, subiri ikauke usiione inang'aa, ndo ubandike kiraka. Wengi wanabandika ikiwa mbichi.

Tairi la upepo lilitoka kwa daktari wa mifugo. John Boyd Dunlop, Mskoti aliyekuwa anaishi Belfast, mtoto wake alikuwa analalamika baiskeli yake ya miguu mitatu inamtikisa kwenye mawe, akamfungia mipira yenye upepo, mwaka 1888 akachukua hataza. Mwaka uliofuata baiskeli zenye tairi zake zikaanza kushinda mashindano na ndani ya muda mfupi tairi za mpira mgumu zikapotea. 1891 akina Michelin wa Ufaransa wakaleta tairi linalovuliwa na kurudishwa, ndo maana leo unaziba pancha kando ya barabara.

Hapo ni upande wa furaha. Upande wa pili uko karibu na sisi zaidi. Dunia nzima ilipotaka tairi kwa mkupuo mpira ulitafutwa msituni, na msitu mmojawapo ulikuwa Kongo, wakati ule nchi nzima inaitwa mali ya mfalme Leopold wa pili wa Ubelgiji, kuanzia 1885. Watu walipangiwa kiasi cha mpira cha kuleta, asiyefikisha alichapwa, wake zao walishikwa mateka, vijiji vilichomwa, watu walikatwa mikono, picha zake zipo. Mpaka 1908 alipolazimishwa kuiachia. Kwaiyo miaka ile ile ambayo watu wa London na Paris wanafurahia kuteleza barabarani bila kutikisika kuna mtu upande wa pili wa maziwa yetu analia. Mi nilipokuwa navalisha tairi jipya nilimweleza mdogo wangu hili jambo maana ukimfundisha mtoto Dunlop usipomfundisha Kongo umempa nusu.

Breki, na milima yetu

Baiskeli za babu nyingi zina breki za vyuma, fimbo ndefu kutoka usukani mpaka chini, mpira unapanda kubana ringi kwa upande wa ndani. Ni imara, hazina waya wa kukatika porini, ila ringi ya chuma ikilowa hazishiki kabisa. Mwanza ni milima na mawe, ukiteremka kutoka Bugando mvua inanyesha usizitegemee, shuka usukume. Nasema kwa kumaanisha. Badilisha mipira ya breki yote minne, hakikisha inagusa ringi sawasawa pande zote, ringi ifute isiwe na oili hata tone, na kila fimbo inapopinda weka tone moja la oili. Ringi ikiwa imepinda inagonga breki upande mmoja, igeuze baiskeli juu chini, zungusha, upande inapogusa kulia kaza spoku za kushoto robo mzunguko na legeza za kulia kidogo, robo tu, usiwe na haraka.

Keria na stendi kama zipo ni za kunyoosha tu. Kengele itafute, ni lazima.

Barabarani kaa kwenye nafasi yako usisukumwe mpaka kwenye mchanga. Wapanda baiskeli wa Marekani waliungana chama 1880 na ndo walikuwa mstari wa mbele kudai barabara nzuri, magari hayajaja bado. Sisi huku ndo tumekuwa kama tunaomba msamaha kuwepo pale Nyerere Road, wakati dagaa wa Kirumba, mkaa, maziwa ya asubuhi na ndizi za mtaani kwako vingi bado vinafika kwa miguu ya mtu anayekanyaga pedeli. Kabla bodaboda za pikipiki hazijajaa Shinyanga na Kahama daladala ya mtaani ilikuwa baiskeli yenye mto kwenye keria, na hata neno bodaboda lilianza na baiskeli kule mpakani mwa Kenya na Uganda, Busia, watu wakivushwa kutoka mpaka hadi mpaka.

Siti, na swali la bibi

Kupanga siti: kaa, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unatakiwa unyooke. Ukirudisha nyayo mahali pake goti linabaki limekunjwa kidogo. Siti ikiwa chini sana magoti yanauma ndani ya wiki.

Sasa wakati napima hivyo bibi alikuwa anaangalia. Nikamuuliza bibi we ulikuwa unaendesha? Akasema mwanangu mimi miaka yote hiyo nilikaa keria, hata siku moja sikukanyaga pedeli, msichana akionekana juu ya baiskeli ya kiume watu wanasema. Nikanyamaza kidogo. Maana maneno hayo hayo waliambiwa wanawake wa Ulaya na Marekani miaka ya 1890, madaktari wakaandika kabisa kwamba baiskeli itawaharibu sura na mwili, wengine walizomewa kwa kuvaa suruali pana za kuendeshea. Wakaendesha tu. Annie Londonderry, mama wa watoto watatu, mhamiaji maskini, aliaga Boston 1894 akazunguka dunia akarudi 1895, sehemu kwa baiskeli sehemu kwa meli. Susan B. Anthony aliyepigania kura ya wanawake Marekani alisema 1896 kwamba baiskeli imefanya zaidi kuwaweka wanawake huru kuliko kitu kingine chochote duniani. Na ile fremu yenye bomba lililoshuka tunayoiita ya kike ilitengenezwa kwa ajili ya gauni.

Kwaiyo kama nyumbani kuna dada, mpangie siti yake nae. Mfundishe hivi: toa pedeli zote mbili, shusha siti mpaka nyayo zote zikanyage chini, tafuta sehemu tambarare yenye mteremko kidogo, asukume kwa miguu akiteleza mpaka aweze kuinua miguu bila kuyumba. Yaani mrudishe kwa Drais wa 1817. Akishajua kukaa sawa rudisha pedeli. Haishi siku mbili, na hakuna haja ya mtu kukimbia nyuma ameshika keria. Mdogo wangu wa kike alijua jioni ya pili kwenye uwanja wa shule, siku hizi anaenda nayo shule na kurudi, saa nzima ya kutembea imegeuka dakika ishirini na anafika hajachoka.

Kutu na rangi

Kwa ufupi tu. Nikeli ya usukani na ringi isugue kwa karatasi ya foili iliyolowa maji, kutu inatoka bila kukwaruza. Fremu usipige rangi ya spreya, osha kwa maji na sabuni kidogo, kausha, paka oili nyepesi kwa kitambaa. Palipoliwa na kutu mpaka chuma kinalainika, hasa chini kwenye ekseli ya pedeli na kwenye miguu ya foki, gonga kwa spana usikie, sauti ikiwa imezimika usiipande, hiyo peleka kwa mchomeleaji mzuri au iache iwe ya kumbukumbu.

Ukimaliza yote chukua karatasi ndogo. Andika nani aliinunua, mwaka gani, kwa hela ya nini, namba ya fremu, nani walibebwa kwenye keria, nani ameifufua na lini. Viringisha iwe nyembamba kama kalamu, ifunge nailoni, vua mpira wa mshiko upande wa kushoto uisukume ndani ya bomba la usukani. Ya kwangu nimeandika pia ng'ombe wawili, Ngudu, na jina la bibi kwanza kabla ya la babu. Mpira wa mshiko ukigoma kurudi upake maji ya sabuni kwa ndani, utaingia, afu uache ukauke usiku kucha kabla hujaipanda baiskeli.